Fundi Anayengoja

Kinyozi wangu wa Umoja alichoka na giza Agosti 2023, usiku ule karibu Kenya nzima ilipokosa stima na mteja akatoka dukani na nusu ya nywele. Akanunua inveta, akafungiwa na mtu wa haraka. Juzi ikazima kabisa, akaitwa fundi mwingine, nami nilikuwa kwenye benchi nikingoja zamu yangu. Leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, huyu alikuwa nayo. Hakuna aliyeiuliza.

Alianza kwa kuvua pete ya ndoa na kuitia mfukoni.

"Betri ya volti 12, fundi?" kinyozi akacheka. "Itakufanya nini?"

"Mimi haitanifanya kitu. Pete ndiyo itanichoma kidole."

Nikaweka simu chini. Betri hiyo ukiishika kwa mikono mikavu huisikii, lakini chuma kikigusa ncha zake mbili kwa pamoja, mamia ya ampea hupita na chuma hugeuka kaa la moto. Ndiyo maana spana yake aliivisha tepu nyeusi, akaacha mdomo tu. Nyaya alizokuta akazikataa, akatoa nyingine nene kama kidole. Mzigo wa wati 1,000 huvuta takriban ampea 4 kwenye stima ya volti 240. Kwenye betri ya volti 12 huvuta zaidi ya 83. Tunaogopa volti, na wakati huohuo waya mwembamba unaivia ndani ya ukuta.

Akazima swichi kuu. Akaenda na testa kwa jirani wa M-Pesa, akaigusisha kwenye soketi yenye stima, ikawaka. Akarudi kuipima ya kinyozi: kimya. Kisha akaenda tena kwa jirani, maana testa iliyokufa nayo hukaa kimya vilevile.

Akafungua nyaya za betri, halafu akaketi kando yangu. Kinyozi akatazama saa. Wateja walishafika watatu. Ndani ya inveta mna kapasita, vikopo vidogo ambavyo vinaweza kubaki na stima dakika kadhaa baada ya kila kitu kuzimwa. Mimi naona kule kungoja ndiko ufundi wenyewe; kukaza skrubu hata mimi naweza.

Mwenye sola juu ya bati ana kazi zaidi, maana jua halina swichi. Tena cheche ya stima ya sola ni kaidi. Stima ya ukutani hufika sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche ikapata pa kufia. Ya sola na ya betri haina pumziko hilo, ndipo ikahitaji breka ya aina yake.

Nyuma ya kioo fundi akakuta waya wenye plagi kila upande. Yule wa kwanza alikuwa akiingiza inveta kwenye soketi ya ukuta bila chenjiova, swichi ya kutenga inveta na stima ya nje. Siku kinyozi angesahau kuzima swichi kuu, stima ingetoka hadi barabarani, na transfoma inayoshusha volti 11,000 ingeweza kuipandisha tena, imkute mtu juu ya nguzo akidhani ameshika waya uliokufa.

Fundi hakusema neno. Akaukata katikati kwa plaiasi, plagi moja akaitia mfuko wa kulia, nyingine wa kushoto.