Msamiati wa Juu wa Kiingereza na Mjifunzaji wa Keshero: Tatizo la Visawe

Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili iliyotolewa na TUKI mwaka 1996 ilipiga hatua kubwa kuliko ile ya Johnson ya 1939. Hata hivyo, kamusi hizo hazikumlenga mjifunzaji wa Keshero, mjini Goma. Huyu husoma darasani kwa Kifaransa, na katika Kiswahili chake "masomo" ni shule na "franga" ni fedha. Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, pengine ya nne.

Mtego wa kwanza hutoka katika Kifaransa. "Eventually" humkumbusha "éventuellement", naye hufasiri "huenda" panapotakiwa "hatimaye". "Actually" hugeuka "sasa" badala ya "kwa kweli". Hapa Kiswahili humwokoa, kwa kuwa hakifanani na lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Lakini Kiswahili nacho kina mitego yake, ambayo aghalabu hupuuzwa. "Integrity" likikaririwa kuwa "uadilifu" humfaa anayeomba kazi katika shirika la misaada. Katika Azimio namba 2773 la Baraza la Usalama, lililopitishwa Februari 2025 baada ya M23 kuuteka mji wa Goma, neno hilohilo hufuatana na "territorial", na hapo halihusu maadili hata kidogo: lahusu nchi kutomegwa.

Zito zaidi ni neno "mkimbizi". Wanyarwanda waliovuka mpaka mwaka 1994 na kupiga kambi Mugunga waliitwa kwa Kiingereza "refugees". Wakongomani waliokimbia Masisi miaka iliyofuata hawakuvuka mpaka wowote. Hao ni "displaced". Kiswahili cha mitaani huwaita wote wakimbizi, na kwa mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya. Mkataba wa 1951, hata hivyo, humtambua mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake. Mkalimani akiandika "refugee" kwa mama wa Masisi, amemfanya mgeni katika nchi yake mwenyewe, tena katika jimbo ambamo swali la nani mwenyeji na nani mgeni limekwisha kumwaga damu nyingi.

Kisawe "mkimbizi wa ndani" kipo na chatosha. Kinachokosekana katika orodha za kukariri ni sentensi moja ya mfano inayoonyesha kama mpaka ulivukwa au haukuvukwa.