Shajara ya Mohammed, na Kiswahili Chake

Kitabu cha Pat Caplan, African Voices, African Lives (Routledge, 1997), nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma kama msomaji yeyote. Mara ya pili nilikuwa na daftari pembeni, nahangaika kukirudisha Kiswahili.

Mwanaanthropolojia huyu Mwingereza alianza kwenda kaskazini ya Mafia miaka ya 1960. Alimwomba mkulima mmoja, ambaye kitabuni anaitwa Mohammed, amwandikie shajara. Mohammed akaandika kwa lugha yake. Sisi wa kisiwani tunayapata maneno hayo kwa Kiingereza.

Nilimsomea shangazi kipande, natafsiri papo kwa papo. Nikasema "roho". Akanikatiza.

"Roho gani, mwanangu? Ya maiti?"

Nikabadilisha: jini.

"Jini au shetani? Wa nchi kavu au wa baharini?"

Kha! Nilikwama. Caplan anaijua tofauti hiyo, tena anaifafanua vizuri. Lakini ufafanuzi ni sauti yake yeye. Neno alilolichagua Mohammed, akiwa peke yake na kalamu, ndilo ninalolitafuta mimi.

Na si mashetani tu. Mtu akifa, Kiingereza kinasema amekufa, basi. Mohammed aliandika nini: kafa, amefariki, au ametangulia? Kwa mtu wa pwani hizo ni khabari tatu. Hapo ndipo ningejua nani alimheshimu na nani alimchoka. Hata mahali pa kulima panasumbua: ni shamba la minazi au konde la mpunga? Ukikosea hapo umemhamisha mtu kutoka kwenye mali yake.

Sisemi kitabu ni kibaya. Sehemu iliyonishika zaidi ni pale mtalaka wake na binti yake wanapopewa nafasi ya kusema yao. Mwandishi mvivu angemwachia Mohammed ukumbi wote, na sisi tungemsadiki kila neno, maana mwanamume akisimulia ndoa yake iliyovunjika mara nyingi yeye ndiye aliyedhulumiwa. Caplan hakufanya hivyo. Baadaye kitabu chake kingine, Mikidadi wa Mafia, kilitolewa kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota, nacho unaweza kumpa mzee akakisoma mwenyewe barazani bila mkalimani kama mimi.

Hiki cha 1997 ndicho ninachokidai. Mji wa Kisimani uliliwa na bahari, hakuna wa kumlaumu. Shajara iliandikwa kwa wino. Ningelipenda toleo lenye kurasa zinazotazamana: upande mmoja tafsiri, upande wa pili mkono wa Mohammed, na makosa yake ya tahajia yote yabaki.

Kwa sasa nina daftari langu. Nimefika ukurasa wa kumi na moja, na nusu yake shangazi kaifuta.