Silinda Hainolewi

Hivi karibuni tuliletewa, ili tutoe maoni, mswada wa tafsiri ya mwongozo wa ukarabati mkuu wa injini za dizeli za malori. Kiswahili chake ni fasaha na sarufi yake haina dosari kubwa. Hata hivyo, fundi atakayeufuata neno kwa neno ataharibu injini. Twaeleza sababu hapa kwa kuwa makosa ya namna hii si ya mfasiri huyu peke yake.

Silinda iliyochakaa hailiki sawasawa. Hulika zaidi upande wa juu, pale ringi ya kwanza inapofikia. Na kwa kuwa pistoni huegemea ubavuni, tundu hupoteza mviringo wake. Tiba yake ni hatua mbili. Kwanza, tundu hupanuliwa kwa kisu cha mashine ili lipokee pistoni kubwa zaidi, kwa mfano yenye nyongeza ya milimita 0.50. Pili, mawe ya kusagia huzungushwa ndani huku yakipanda na kushuka, yakaondoa kiasi kidogo kilichobakizwa na kuacha mikwaruzo myembamba inayokatana. Mikwaruzo hiyo ndiyo ishikayo oili na kuzikalisha ringi mpya.

Mswada unaiita hatua ya kwanza "kukereza" na ya pili "kunoa". Kukereza ni neno letu la siku nyingi, nalo limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Lakini katika kerezo kitu ndicho kizungukacho. Hapa bloku imetulia na kisu ndicho kizungukacho. "Kunoa" ni kosa zito zaidi. Neno la Kiingereza hutumika kwa wembe na kwa silinda pia. Letu ni la makali, na silinda haina makali. Penginepo mfasiri ameandika "kulainisha". Fundi mtiifu ataisugua mpaka ing'ae kama kioo. Oili haitashika, na lori litarudi gereji likitoa moshi wa buluu.

Tena, silivu imeitwa "utando". Msomaji atadhani ni masizi ya kukwangua, kumbe ni bomba la chuma. Na katika injini ambazo maji huizunguka silivu, iliyolika kwa kawaida haichongwi bali hubadilishwa.

Mafundi wetu wanayo maneno tayari: "kuchonga silinda" na "silivu". Twapendekeza yakubaliwe, na hatua ya pili iitwe "kusugua kwa mawe". Hatusemi kwamba neno la gereji halina kasoro. "Kuchonga" husemwa pia juu ya krenkishafti, ambayo husagwa kwa jiwe. Hivyo mfasiri hana budi kutaja kinachochongwa. Lakini kabla ya kubuni neno, yafaa akasimame kando ya mashine na kuuliza. Gharama ya kosa la istilahi hatuilipi sisi tulio ofisini. Huilipa mwenye lori.