Kosa la Ajali Hupimwa Kabla Gari Halijasogezwa

Magari yakigongana, watu hujaa barabarani muda si mrefu, na kila mmoja ameona. Huyu anasema lori lilikuwa mwendo kasi, yule anaapa gari dogo halikuwasha taa. Trafiki anayeijua kazi yake huwasikiliza, huandika majina yao, kisha hushika tepu.

Huanza kwa kuchagua kitu kisichohama: nguzo ya umeme, kona ya kalvati, jiwe la kilometa. Kila kinachochorwa kwenye ramani ya tukio hupimwa kutoka hapo. Ramani isiyo na kituo hicho, wakili wa upande wa pili ataipangua kwa maswali mawili tu, na majeruhi ndiye atakayeumia mara ya pili.

Alama za breki ndizo zenye habari nyingi. Matairi yakishafungwa na breki, gari hupunguzwa kasi na msuguano wa mpira na lami, ambao kwenye lami kavu ni kama 0.7. Chukua 2, zidisha kwa msuguano huo, kwa 9.81 ya mvutano wa dunia, na kwa urefu wa alama kwa mita. Kipeuo cha pili cha jibu ndicho mwendo wa gari, mita kwa sekunde. Alama za mita 30 zinatoa mita 20.3 kwa sekunde, yaani kilometa 73 kwa saa. Tanzania, kikomo kwenye maeneo ya makazi ni kilometa 50, na kwa mwendo huo gari lingesimama ndani ya mita 14 hivi tangu matairi yafungwe. Tena 73 ni kiwango cha chini kabisa: kama alama zimeishia kwenye mgongano, gari lilikuwa bado linakwenda. Lami ikiwa imelowa, hesabu hubadilika, kwa hiyo hali ya barabara lazima iandikwe siku ileile.

Nani alihama upande wake? Wengi hutazama vioo vilivyomwagika, lakini vioo hurushwa mbele na mwendo wa gari. Afadhali matope makavu yaliyoganda chini ya bodi, ambayo mgongano huyapukutisha karibu na palepale, na mikwaruzo mibichi ambayo chuma kilichovunjika huichimba kwenye lami.

Ubishi wa taa nao una jibu, ikiwa balbu ni ya waya. Ifungue taratibu, uitazame kwa kioo cha kukuzia. Waya uliokuwa unawaka huwa laini kwa joto, hivyo mshtuko huuvuta na kuupinda. Balbu ikipasuka ikiwa inawaka, hewa huuchoma waya na kuuachia rangi au ungaunga mweupe. Waya uliokuwa baridi hukatika kama kijiti kikavu, ukabaki unang'aa. Ushahidi wa ukubwa wa punje ya mchele, na mara ngapi huishia gereji pamoja na taa iliyotupwa!

Mahakamani vipimo hivi hutumika kwa njia mbili. Kesi ya jinai hutaka kosa lithibitishwe pasipo shaka ya maana. Madai ya fidia hutosheka na upande wenye uzito zaidi. Kwa hiyo dereva aliyeachiwa huru kwenye jinai bado anaweza kudaiwa fidia. Na lawama hugawanywa: lori lililokwenda kasi likabeba sehemu kubwa, mwendesha bodaboda asiye na taa akabeba iliyobaki, na fidia yake ikapunguzwa kwa kiasi hicho.

Majeruhi kwanza, hilo halina mjadala. Lakini wakishaondolewa, usikubali magari yasukumwe pembeni eti kwa sababu foleni inapiga honi. Piga picha kwa simu kutoka pande zote nne, kila moja ikiwa na ile nguzo au kalvati ndani yake, na nyingine ya alama za breki tangu zinapoanza mpaka zinapoishia.