Lugha ya Jabari: Shujaa wa Filamu na wa Hadithi za Picha

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili ana mazoea ya kupita mbali na vitabu vya katuni na majumba ya sinema, kana kwamba shujaa avaaye vazi la kubana na kuruka juu ya maghorofa si wa ukoo mmoja na Fumo Liyongo. Ukoo ni ule ule. Mwili usiopenya silaha, siri ya mahali pamoja panapoweza kumwua, hofu ya mtawala, usaliti wa jamaa wa karibu: hayo yote msomaji wa utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913 anayajua. Tofauti iko mahali pengine. Liyongo alipotiwa gerezani hakuvunja ukuta kwa ngumi. Alimpelekea mamaye ujumbe kwa mashairi, mbele ya walinzi wasiotambua maana yake, akaletewa tupa ndani ya mkate. Nguvu zake zilikuwa za mwili, ila wokovu wake ulikuwa wa lugha. Kwa hiyo ni haki kuuliza shujaa mweusi wa hadithi za picha za Marekani, ambaye sasa ni maarufu hata katika vijiji vya Kenya, amepewa lugha gani, na lugha hiyo inamfanyia kazi gani.

Black Panther, yaani Mfalme T'Challa wa Wakanda, alitokea kwanza katika toleo la 52 la Fantastic Four, lenye tarehe ya Julai 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Kwa wakati wake lilikuwa jambo la ujasiri kumchora Mwafrika aliye mfalme na mwanasayansi, katika nchi tajiri ambayo mkoloni hakuitawala. Lakini ujasiri huo haukufika kwenye majina. Katika Kiswahili ritifaa ina kazi maalum: ndiyo itofautishayo sauti ya mwanzo ya ng'ombe na ya ngoma. Katika T'Challa haitofautishi chochote. Ni pambo, kama manyoya kichwani. Jina la Wakanda lenyewe, kwa sikio lililozoea ngeli za Kibantu, ni jina la watu wala si la nchi. Msikilizaji angetarajia nchi iitwe Ukanda, na lugha yake, kwa bahati ya kuchekesha, Kikanda. Waandishi wamechukua umbo lisikikalo kuwa tayari lina wingi wakalipachika kiishio cha Kiingereza, wingi juu ya wingi. Na katika mfululizo ulioanza mwaka 1998, Christopher Priest aliwafanya walinzi wa mfalme waseme naye kwa Kihausa, ingawa ramani za hadithi hizo aghalabu huiweka nchi hiyo upande wa Afrika Mashariki.

Filamu ya Ryan Coogler ya mwaka 2018 ilirekebisha mengi ya hayo, nayo yastahili sifa. Wakanda sasa inasema Kixhosa. Chanzo chake ni mwigizaji John Kani wa Afrika ya Kusini, aliyeigiza baba wa T'Challa katika filamu iliyotangulia, ya mwaka 2016. Kixhosa ni lugha yake, akaitumia, nayo ikabaki kuwa lugha ya ufalme mzima. Chaguo hilo lilikuwa la bahati zaidi kuliko la utafiti, lakini lilileta kitu cha kweli mahali ambapo hadithi za picha zilikuwa na vumbi la majina ya kubuni. Mswahili anayejua kwamba abantu ni watu, amanzi ni maji na inyama ni nyama, huisikiliza filamu hiyo kwa sikio ambalo mtazamaji wa Chicago hana. Tena filamu hufunguliwa kwa sauti ya mtoto anayemwomba mzazi wake hadithi ya kwao, naye humwita Baba. Ilipoonyeshwa Kisumu mwezi wa Februari 2018, neno hilo halikuhitaji mfasiri.

Pamoja na hayo, mchanganyiko haukukoma. Kabila la milimani linaitwa Jabari, neno ambalo Mswahili analijua kwa maana ya mtu shupavu mwenye nguvu. Kiongozi wao, M'Baku, husema Kiingereza chenye lafudhi iliyoigwa kwa Waigbo, na kumtukuza Hanuman, mungu wa Kihindi. Mbunifu wa mavazi, Ruth Carter, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2019, alikusanya mablanketi ya Wasotho na kofia za wanawake wa Kizulu, na kusanyiko lake likapendeza macho. Nguo huvumilia kuchanganywa. Lugha haivumilii kwa urahisi huo, kwa sababu lugha ina sarufi, na sarufi ni mapatano ya jamii moja inayoishi pamoja.

Kuna tukio moja ambalo linaonyesha filamu hiyo ingeweza kuwa nini. Killmonger, aliyekulia Oakland huko California, anasimamishwa mbele ya wazee akiwa amefungwa pingu. Wazee hawajui uzawa wake. Anawataka wamwulize yeye ni nani. Swali linaulizwa kwa Kixhosa, naye, mtoto wa mitaa ya Marekani, anajibu kwa Kixhosa, akitaja jina lake na jina la babaye. Baraza linataharuki. Kwa sekunde chache lugha imefanya kazi ile ile iliyoifanya gerezani kwa Liyongo: imefungua mlango ambao ngumi zisingeufungua. Aliyedhaniwa mgeni amethibitisha uzawa wake kwa kinywa, na mtazamaji anatambua kwamba marehemu babaye alimfundisha mwanawe kitu uhamishoni. Jinsi alivyofundishwa, na maumivu ya kuitunza lugha ambayo hapana mwingine wa kuisema naye, ni maudhui ya riwaya nzima. Filamu haiyagusi. Mara baada ya jibu hilo mjadala unarudi kwenye Kiingereza, ambako haki, kisasi na hatima ya watu weusi duniani hujadiliwa. Kixhosa kinabaki kuwa lugha ya salamu, ya amri na ya siri.

Atakayetetea jambo hili atasema kwamba biashara haikubali maandishi ya tafsiri chini ya picha kwa muda mrefu. Utetezi huo uliangushwa na filamu ya pili, ya mwaka 2022, ambamo watu wa Namor waishio chini ya bahari wanazungumza Kimaya wao kwa wao, nao watazamaji hawakukimbia.

Kwa upande wa Kenya, wasomi walichelewa kuona yaliyokuwa yakitendeka katika vibanda vya video, ambako DJ Afro na wenzake waliweka sauti zao juu ya filamu za kigeni, wakamfanya shujaa wa Hollywood au wa Hong Kong ateme maneno ya mtaani. Hiyo si tafsiri, ni utambaji. Shujaaz, hadithi za picha zilizoanza kutolewa mwaka 2010, zilikwenda mbali zaidi. Jina lenyewe litamkera mwalimu wa sarufi, kwani limeacha mashujaa likaazima wingi wa Kiingereza. Hata hivyo mhusika wake, DJ Boyie, hana nguvu za ajabu ila chombo cha kurushia matangazo ya redio na Sheng yake, na katika hilo yu karibu zaidi na Liyongo kuliko T'Challa alivyo.

Februari ile ile ya 2018 filamu ya Likarion Wainaina, Supa Modo, ilionyeshwa Berlin. Jo ni msichana mgonjwa asiyetarajiwa kupona, apendaye filamu za mashujaa. Watoto wa vibandani wana kanuni yao kwamba stelingi hafi. Jo anaijua kanuni hiyo vizuri, na anajua pia kwamba haimhusu. Uwezo wa kuruka anapewa na kijiji kizima, kwa hila na kwa maneno: jirani, dada, na hatimaye mama aliyekuwa akipinga, kila mmoja akisema sehemu yake ya uongo ule kwa lugha yake ya kila siku.