Mbegu Moja, Miche Mitatu: Kupunguza Spinachi Kwenye Mchanga wa Malindi

Spinachi ya sokoni Malindi, ile ya majani mapana na vikonyo vinene vyeupe, ni jamaa wa karibu wa bitiruti. Aina inayouzwa sana madukani ni Fordhook Giant, na wanaoipanda karibu wote hulalamika kwamba miche huota imebanana hata pale walipotia mbegu moja moja kwa uangalifu.

Mkono wao hauna kosa. Kinachotoka kwenye pakiti si mbegu moja, ni tunda kavu. Maua ya mmea huu huota kwa vishada, na yanapokomaa hugandana yakawa donge moja gumu lenye mbegu mbili, tatu, pengine nne ndani yake. Funga donge kwenye kitambaa kibichi ulitazame kila asubuhi: kimzizi cha kwanza kitachungulia upande mmoja, cha pili kitatokea upande mwingine, na baada ya wiki utakuwa na miche miwili au mitatu imesimama shingo kwa shingo.

Wakulima wa bitiruti za sukari Ulaya na Marekani waliteseka na jambo hili kwa miaka mingi, wakiinama na vijembe shamba kwa shamba. Mwaka 1948 Viacheslav Savitsky alipata katika shamba moja huko Oregon mimea michache iliyozaa mbegu moja moja, na kutokana nayo zikazalishwa aina zisizohitaji kazi ile yote. Spinachi tunayopanda sisi imebaki na madonge yake. Kwa hiyo kupunguza miche ni sehemu ya kupanda kwenyewe, na anayeiacha amefanya nusu ya kazi.

Kwetu pwani gharama ya kuiacha ni kubwa zaidi. Mchanga haushiki maji wala mbolea. Mvua moja kubwa ya masika huzamisha chakula chote chini ya mizizi. Miche mitatu katika shimo moja hugawana kidogo hicho kilichobaki, ikarefuka bila kunenepa. Ndiyo maana napendelea kitanda kilichochimbwa chini kidogo, kikachanganywa samadi iliyooza vizuri, na kufunikwa kivuli cha makuti hadi miche ishike. Jua la mchana likiupiga mchanga mtupu, mbegu nyingi hazioti kabisa.

Maji nayo yana hesabu yake. Visima vingi vya karibu na bahari vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na wakati wa kaskazi, mvua zikiwa zimekatika, huanza kuwa na chumvichumvi. Spinachi ilitokana na mmea wa mwituni unaoota kando ya bahari huko Ulaya, hivyo ikishakua huvumilia chumvi kuliko mboga nyingi. Lakini donge linapoota, chumvi hulidhoofisha. Tumia maji matamu, ya mvua au ya mfereji, mpaka mche uwe na majani manne. Baada ya hapo kisima kinaweza kuchukua zamu. Loweka mbegu usiku mmoja kabla ya kuzisia, umwage maji hayo, kwa sababu ganda lina kemikali zinazochelewesha kuota. Kina cha sentimita 2 kinatosha.

Punguza mara ya kwanza majani mawili ya kweli yanapofunguka, jioni, udongo ukiwa umelowa. Usivute. Mizizi ya donge moja imesukana. Ukiung'oa mmoja, mwenzake hubaki mizizi ikining'inia ndani ya mchanga wa moto. Kata kwa mkasi au kucha, sawasawa na ardhi. Wengi huuacha mche mrefu kuliko wote, na hapo ndipo ninapotofautiana nao: urefu huo mara nyingi ni wa kutafuta mwanga. Acha mfupi wenye shina nene.

Mara ya pili miche ikifika kimo cha kiganja, acha sentimita 30 kati ya mmoja na mwingine. Miche unayoiondoa sasa ni mboga tayari, ichanganye na mchicha uipike kwa nazi. Ukitaka kuipandikiza badala yake, ichimbue na udongo wake siku ya mawingu. Na anayenunua miche kwenye trei akague kila tundu, kwani mara nyingi humo mna miwili. Atenganishe kwa mkasi kabla ya kupanda. Majani ya nje yataanza kuchumwa kama wiki 8 tangu kusia, machache kwa kila mche, moyo ukiachwa bila kuguswa.