Shetani wa Mpingo Hatazamwi Usoni

Kinyago kilichosifiwa juzi mbele yangu kilikuwa kibovu. Waliokisifu walikuwa wanasoma kadi ukutani. Kadi ilieleza kisa cha Wamakonde: mtu wa kwanza aliishi peke yake, akachonga umbo la mti likageuka mwanamke; watoto wao wawili wa mwanzo walikufa huko bondeni, wa tatu akaishi kwenye uwanda wa juu. Mchongaji ni kijana, wazazi wake walivuka mto Ruvuma kutoka Mueda, na kisa hicho ni chake kwa haki. Basi kiwe ndani ya mti. Cha kwenye kadi hakihesabiki.

Uso kila mtu anauweza. Anayejua hukigeuza kinyago, akatazama kwapani, nyuma ya magoti, ndani ya matundu ambamo msasa huingia kwa shida. Mvivu huacha humo makovu ya patasi. Fundi hung'arisha hata pasipoonekana. Kisha fuata nyuzi za mti kutoka kiwiliwili hadi mkononi. Zikipita bila kukatika, mkono umeota. Zikikatizwa, mkono umelazimishwa, na siku moja utavunjika. Mwanamke wa kinyago cha juzi alinyoosha mkono kukingama nyuzi, na kiwikoni ufa ulikwishaanza.

Mchongaji Samaki Likankoa naye alikuwa mhamiaji kutoka Msumbiji. Mtindo wa mashetani unahesabiwa kuwa wake, tangu miaka ya 1950, na Mohamed Peera wa Dar es Salaam ndiye aliyewanunua. Mashetani hao waliongea wenyewe, bila maandishi pembeni.

Matapeli huchonga mti mweupe wakaupaka dawa ya viatu. Lowesha pamba, sugua chini ya kitako. Ikitoka nyeusi, ondoka. Mpingo huzama majini. Ganda lake jeupe liachwe lilivyo, na anayelificha kwa rangi simhesabu fundi. Msanii Lilanga alipaka, ndiyo, lakini alipaka waziwazi, rangi za kuwaka.

Zamani wazee walikaa na gogo chini ya mwembe, wakaligeuzageuza siku nzima kabla tezo haijaligusa. Leo oda inatangulia gogo.

Hata hivyo kijana huyu mkono anao. Shingo ya yule mwanamke imefuata pindo la mti, na kwapa la kushoto amelisugua mpaka ndani. Atafute gogo lililopinda, amchonge mtoto wa tatu.